Usingizi na Mzizimo: Historia ya Swali Moja

Mkuyuni ni kata iliyo miguuni mwa milima ya Uluguru, upande wa mashariki, katika njia itokayo mji wa Morogoro kwenda Matombo na Kisaki. Jina lake limetokana na mkuyu, mti ambao matunda yake hayakosi walaji: mchana huja ndege, usiku huja popo na komba. Komba ni mnyama wa giza. Jua likizama hutoka, hulia, huruka tawi hata tawi, akatafuta wadudu, matunda na utomvu wa miti; kukipambazuka huingia tunduni au katikati ya majani yaliyosongamana, akajikunja, akalala. Waswahili wa pwani wamemjua tangu kale, na kwa kuwa hupenda tembo la mnazi wamemfanya mfano wa ulevi: mtu aliyekunywa kupita kiasi husemwa kuwa amelewa kama komba.

Juu ya usingizi wa komba hapana aliyetia shaka. Hulala mchana kama binadamu alalavyo usiku, na akiguswa huamka. Lakini ng'ambo ya bahari, katika kisiwa ambacho mabaharia wa Kiswahili walikiita Bukini, nacho ndicho Madagaska, wako jamaa zake ambao hujilaza kwa miezi mingi kila mwaka, miili ikiwa baridi na pumzi zikiwa za nadra. Je, wanyama hao wamelala? Swali hili laonekana jepesi, nalo lilijibiwa kwa wepesi kwa muda wa karne nyingi. Jibu lililo sahihi halikupatikana mpaka chombo cha kupimia umeme wa ubongo kilipopelekwa kwao, na lilipopatikana halikuhusu wanyama hao peke yao. Lilihusu usingizi wenyewe ni nini.

Yafaa kwanza kuutaja udugu wa wanyama hawa, kwa maana pasipo udugu huo habari za Bukini zingekuwa ngeni kwa mtu wa Uluguru. Wataalamu huwaweka binadamu, nyani, kima, komba na lemuri katika kundi moja kubwa liitwalo primati. Ndani ya kundi hilo komba wa bara na lemuri wa Bukini ni tawi moja. Wazee wa lemuri, kwa makadirio ya wataalamu, walitoka Afrika zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita wakavuka mlango wa bahari, yamkini juu ya magogo na miti iliyochukuliwa na mikondo; waliobaki bara ndio walioleta ukoo wa komba. Milima ya Uluguru inayo heshima yake katika elimu hii. Mwaka 1936 Barbara Lawrence na Sherwood Washburn walitangaza komba mdogo wa milimani aliyepatikana Bagilo, katika milima hiyo hiyo, wakampa jina la kitaalamu orinus, maana yake wa mlimani. Wao walimdhani kuwa ni kabila tu la komba mwingine aliyekwisha julikana. Baadaye alitambuliwa kuwa ni aina peke yake. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu waliozunguka misitu ya Tanzania usiku walijifunza kuwatenga komba wadogo kwa milio yao, kwa kuwa kwa macho hufanana mno.

Baada ya udugu, yafaa kuyatazama maneno. Katika Kiswahili neno kulala lachukua mambo mawili. Mtu akinyoosha mwili chini amelala, ijapokuwa macho yake ni makavu; na mtu aliyeshikwa na usingizi naye amelala. Lipo pia neno kuzizima, yaani kuwa baridi sana na kutulia. Maji ya mtungi huzizima, na mwili wa maiti huzizima. Maneno haya mawili, kulala na kuzizima, hayana maana moja, na mzungumzaji wa kawaida hayachanganyi. Katika insha hii hali ya mnyama anayeacha mwili wake upoe na kazi zake zipungue kwa siku nyingi itaitwa mzizimo, ili isihukumiwe kwa jina kabla ya kupimwa.

Hukumu kwa jina ndiyo iliyotokea Ulaya. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika juu ya wanyama wanaojificha wakati wa baridi, akawatia hata mbayuwayu ndani ya hesabu hiyo, ilhali ndege hao wengi wao huhama tu. Wajerumani waliita hali hiyo usingizi wa kipupwe, na lugha nyingine zikafuata njia iyo hiyo. Ilionekana kuwa jambo la wazi: macho yamefumbwa, mwili umejikunja, hapana mwendo, basi ni usingizi, tena usingizi mkuu kuliko wote. Wazee wa dini na wa hekima walikwisha sema kuwa usingizi ni ndugu wa mauti, na mnyama aliyezizima alionekana kusimama mpakani baina ya ndugu hao wawili. Walakini hapana aliyeweza kuthibitisha, maana usingizi ulipimwa kwa macho ya mtazamaji, wala si kwa mambo yapitayo ndani ya kichwa cha alalaye.

Mlango wa ndani ulifunguliwa polepole. Mwaka 1875 Richard Caton, tabibu wa Liverpool, alitangaza kuwa ameona mikondo hafifu ya umeme katika bongo za sungura na kima. Mwaka 1924 Hans Berger, katika mji wa Jena, alifaulu kuandika umeme wa ubongo wa binadamu, naye akaitoa habari hiyo mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 ilionekana kuwa mtu akilala, mistari iandikwayo na chombo hubadilika hatua kwa hatua: mawimbi madogo ya haraka ya mtu aliye macho hugeuka kuwa mawimbi makubwa ya polepole. Kisha mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kuwa usiku una vipindi ambavyo macho huchezacheza chini ya kope. Na mtu akiamshwa hapo, aghalabu husema kuwa alikuwa akiota.

Tangu hapo usingizi haukuwa tena kitu kimoja. Wako usingizi wa mawimbi ya polepole na usingizi wa ndoto, na vyote viwili ni kazi ya ubongo. Katika usingizi wa polepole mamilioni ya chembe za ubongo hufanya kazi na kutulia kwa pamoja, kwa mwendo wa zamu. Ndiyo sababu wimbi lake ni kubwa. Tena usingizi huu una hesabu yake kama deni. Mtu aliyekesha usiku kucha, akilala kesho yake, mawimbi yake huwa makubwa zaidi, kana kwamba mwili unadai ulichonyimwa. Hii ndiyo alama ambayo wataalamu walikuja kuitumia kwa wanyama wa mzizimo.

Wa kwanza kupimwa kwa uangalifu walikuwa kindi wa ardhini, wanyama wadogo wa nchi za baridi. Mmoja wao, kindi wa kaskazini ya mbali huko Alaska, alionyeshwa mwaka 1989 kuwa aweza kuuacha mwili wake upoe hata chini ya kiwango cha maji kuganda, naye asife. Majaribio ya kwanza yalionyesha kuwa kindi huingia katika mzizimo kwa kupitia usingizi wa polepole, na jambo hilo liliitia nguvu rai ya kale. Lakini kadiri mwili ulivyopoa, mawimbi yalizidi kufifia, hata mstari wa chombo ukawa karibu kunyooka. Tena ilijulikana kuwa mnyama huyu hazizimi mfululizo. Kila baada ya siku au majuma kadhaa huupasha mwili wake moto mpaka ukarudi hali ya kawaida, akakaa hivyo kwa saa chache, kisha akapoa tena. Kujipasha huko humla akiba kubwa ya mafuta kuliko siku nyingi za baridi zikijumlishwa. Kwa nini basi mnyama mwenye akiba ya kuhesabu aifuje hivyo?

Mwaka 1991 makundi mawili ya wataalamu, kila moja kwa njia yake, yalitoa jibu lililowashangaza wengi. Kindi akisha kupata moto, sehemu kubwa ya saa zake hizo huzitumia kwa kulala. Na mawimbi yake ya mwanzo huwa makubwa, kama ya mtu aliyekesha. Ikaonekana kuwa mzizimo si usingizi hata kidogo, bali ni aina ya kukesha: mnyama hutoka katika baridi ili apate kulala. Neno usingizi wa kipupwe liligeuzwa chini juu.

Historia ya elimu, hata hivyo, haiendi kwa mstari ulionyooka. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1998 na 1999 yalitia shaka. Kindi waliotoka katika mzizimo walizuiliwa wasilale kwa saa chache. Kama deni lao lingekuwa la usingizi wa kawaida, mawimbi yangalizidi kukua. Badala yake yale makubwa hayakuonekana tena. Yamkini basi mawimbi ya mwanzo hayakuwa malipo ya usingizi, bali alama ya ubongo unaojitengeneza baada ya kupoa. Kwa hakika matengenezo hayo yapo. Watafiti wa Urusi walikwisha onyesha mwaka 1992 kuwa katika mzizimo matawi ya chembe za ubongo wa kindi husinyaa, na yakipata moto huchipua tena kwa muda wa saa chache. Mwaka 2003 Thomas Arendt na wenzake walieleza kuwa protini iitwayo tau hubadilika katika ubongo uliozizima kwa namna inayofanana na mabadiliko ya maradhi ya Alzheimer. Tofauti ni kwamba kwa kindi mabadiliko hayo hufutika akipata moto.

Hapo ndipo Bukini ilipoingia katika habari. Kindi ni jamaa wa panya. Ubongo wake si wa ukoo wa binadamu. Mwaka 2004 Kathrin Dausmann na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa lemuri mdogo mwenye mkia mnene, Cheirogaleus medius, katika msitu wa Kirindy, magharibi ya Madagaska. Mnyama huyu hujaza mafuta katika mkia wake wakati wa mvua. Wakati wa ukame, maji na chakula vikiadimika, huingia katika tundu la mti akazizima kwa muda wa miezi saba. Mastaajabu ni kwamba hufanya hivyo katika nchi ya joto, ambako mchana wa majira hayo hupita digrii 30 za sentigredi.

Dausmann aliona kuwa tundu ndilo linaloamua mwenendo wa mwili. Katika tundu lenye kuta nyembamba, mwili wa lemuri hupoa usiku na kupata moto mchana pamoja na hewa, pasipo mnyama kutoa nguvu yoyote. Na yule ambaye mwili wake hupita digrii 30 kwa moto wa jua hana haja ya kujipasha mwenyewe. Katika tundu lenye kuta nene lisilobadilika joto lake, mnyama hulazimika kuamka na kujipasha mara kwa mara, kama kindi wa Alaska. Basi ilijulikana mambo mawili: kwamba mzizimo si lazima uwe wa baridi, na kwamba ubongo au mwili unadai moto kwa vipindi, uwe moto wa jua au wa mafuta.

Kilichobaki ni kuuliza ubongo unafanya nini na moto huo. Mwaka 2013 Andrew Krystal, Anne Yoder na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani walitangaza mistari ya ubongo wa lemuri huyo huyo akiwa katika mzizimo. Usingizi wa mawimbi ya polepole haukuwapo kabisa. Kazi za mwili zikipungua sana, umeme wa ubongo ulikuwa hafifu mno. Hewa ilipopata moto, zilitokea dalili za usingizi wa ndoto. Kwa kindi lilikuwa kinyume: kile kidogo kilichoonekana kwao wakati wa mzizimo kilikuwa usingizi wa polepole.

Ikabaki ndugu zake wa mashariki. Huko Tsinjoarivo, katika msitu wa milimani wenye baridi, wako lemuri wa jamaa hiyo, Cheirogaleus crossleyi na Cheirogaleus sibreei, ambao mwaka 2013 ilitangazwa kuwa huzizimia chini ya ardhi, chini ya majani na mizizi, ambako joto halipandi na kushuka kila siku. Marina Blanco na wenzake walipowapima, wakatoa matokeo yao mwaka 2016, mambo yalikuwa dhahiri. Katika mzizimo hawakulala. Waliupasha mwili moto kwa vipindi, na katika vipindi hivyo walilala usingizi wa aina zote mbili, wa polepole na wa ndoto. Primati, ndugu wa komba na wa binadamu, naye hutoka katika mzizimo wake ili alale.

Je, jambo hili ni la Bukini peke yake? Kwa muda mrefu ilidhaniwa hivyo. Mwaka 2006 watafiti waliotafuta mzizimo kwa komba mdogo wa kusini, Galago moholi, hawakuuona. Mwaka 2010 Julia Nowack, Nomakwezi Mzilikazi na Dausmann waliuona kwa komba wa aina hiyo hiyo huko Afrika ya Kusini, lakini kwa nadra sana, nao ulikuwa wa saa chache tu: ni dawa ya dharura, kwa mnyama aliyeshikwa na baridi na njaa pamoja. Mwaka 2015 ikatangazwa kuwa kukaya mdogo wa Vietnam, jamaa wa komba katika Asia, aweza kuzizima hata saa 63 mfululizo wakati wa baridi. Basi uwezo huu umetawanyika katika tawi zima la komba na lemuri, na yamkini ni urithi wa kale. Waliokuja kuutumia sana ni wale waliokaa katika nchi yenye majira magumu. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, kwa upande wake, hupokea mvua ya bahari katika sehemu kubwa ya mwaka, na msitu usiokauka haumfungi mnyama njaa ya miezi saba. Komba wa Mkuyuni hulala mchana, huamka jioni, na kila siku hulipa deni lake kwa wakati.

Mtu aweza kuuliza: elimu hii inamfaa nani? Jibu la kwanza ni la hospitali. Mwaka 2002 majaribio ya Ulaya na ya Australia yalionyesha kuwa mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama ukaamshwa, akipozwa mpaka digrii 32 hadi 34 kwa saa kadhaa, huwa na tumaini zaidi la ubongo wake kupona. Majaribio makubwa zaidi ya mwaka 2013 na 2021 hayakuyathibitisha matumaini hayo. Hitilafu hiyo yafaa kufikiriwa pamoja na habari za lemuri. Kumpoza mtu ni rahisi. Kumfanya azizime ni jambo jingine. Lemuri hupunguza kwanza kazi za mwili wake ndipo apoe, na ubongo wake unajua wakati wa kudai moto. Vivyo hivyo wale wanaoota kumsafirisha binadamu katika anga kwa miaka mingi akiwa amezizima wanapaswa kujua kuwa abiria wao hatakuwa amelala. Itabidi aamshwe kwa zamu ili apumzike.

Jibu la pili ni la msitu, nalo liko karibu zaidi na Mkuyuni. Kama tundu la mti ndilo linaloamua ni mara ngapi mnyama ajipashe moto, na kujipasha ndiko kunakomla akiba, basi mti mkubwa wenye tundu ni sehemu ya mwili wa mnyama, sawa na mkia wake wa mafuta. Misitu mikavu ya magharibi ya Madagaska imekatwa na kuchomwa sana. Lemuri aliyezizima hasikii shoka, wala hawezi kukimbia moto. Katika Uluguru misitu ya milimani iliunganishwa mwaka 2008 kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na manufaa yake hutajwa aghalabu kwa maji, kwa kuwa mto Ruvu unaotoka huko ndio unaonywesha Dar es Salaam. Sababu hiyo yatosha. Lakini hifadhi ina mpaka, na miti ya mabondeni, pamoja na mikuyu ya kando ya mito na mashamba, iko nje yake. Mti mkongwe wenye mashimo, ambao mkulima huuona kuwa haufai hata kwa mbao, ndio nyumba ya komba. Ukikatwa, mpya huchukua miaka mingi kupata tundu.

Historia ya swali hili ina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, tangu Aristotle mpaka vyombo vya Tsinjoarivo. Kosa lililodumu muda wote huo lilikuwa kudhani kuwa usingizi ni upungufu: kazi ikipungua kidogo ni usingizi, ikipungua sana ni usingizi mkubwa, ikikoma ni mauti. Vipimo vimesema vingine. Usingizi una gharama yake, nao hutaka ubongo wenye moto na wenye nguvu. Mnyama mwenye akiba ndogo hukubali kuipoteza ili aupate. Mtu anayeuhesabu usingizi kuwa ni uvivu, akajisifu kwa kukesha, na amtazame lemuri wa Bukini, ambaye katikati ya njaa ya miezi mingi huchoma mafuta yake machache ili alale kwa saa chache.